Tafsiri Rasmi ya Neno Uso

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba, baada ya vikao kumi na saba na malumbano yaliyomaliza sauti za wajumbe wote, Idara yetu imefanikiwa kupata tafsiri rasmi ya neno uso.

Uso, kwa mujibu wa Waraka Namba Tisa, ni "sehemu ya mbele ya kichwa cha mtumishi, kuanzia paji hadi kidevu, inayotumika kwa kutambuliwa na mwajiri." Mjumbe mmoja, daktari, alitaka tuongeze kwamba uso hutumika pia kulia chakula. Hoja yake ilipokelewa, ikashukuriwa, ikaachwa.

Katibu wa Kamati ya Nyuso nilikuwa mimi. Sijisifu, lakini waraka ule niliuandika kwa kalamu yangu, mkato kwa mkato.

Wakati ule nchi nzima ilikuwa inabishana juu ya nikabu. Redioni, vijiweni, kwenye foleni za benki, kila mwenye uso alikuwa na maoni juu ya uso wa mwenzake. Mkurugenzi wetu akaona Idara isiachwe nyuma. Alikuwa anasubiri kupandishwa cheo, na alikuwa amesikia kwamba wakubwa wanapenda watu wenye msimamo. Yeye hakuwa nao, akaniagiza nimtafutie.

Tukawaita wadau. Kiti cha shehe tulikiweka ukuta huu na cha padri ukuta ule, ili wasije wakashikana mashati mbele ya wageni. Wakaja pamoja, wakavuta viti wakakaa bega kwa bega, wakaanza kuulizana hali za magoti yao. Jambo hilo liliichelewesha ajenda. Shehe akasema mwanamke aachwe na nguo yake. Padri akauliza kama shela la bibi harusi nalo limo. Mwanasheria wetu, ambaye binti yake alikuwa anaolewa mwezi uleule, akasema halimo. Tukalisamehe. Tukasamehe na wavu wa mfuga nyuki, kofia ya mchomelea vyuma, barakoa ya daktari na helmeti ya mwendesha pikipiki. Tulipomaliza tukakuta tumesamehe kila kitu isipokuwa kitambaa kimoja, na kila mtu katika Idara isipokuwa mmoja. Tulishangaa, maana hatukuwa tumemlenga mtu.

Huyo mmoja ni mama wa masjala, anayetunza mafaili yetu yote. Sote tunamwita Bi Masjala. Amekaa kwenye chumba kile miaka kumi na minne, katikati ya rafu za chuma na harufu ya karatasi kuukuu. Ukimtajia faili, anakwambia rafu, safu, na ukurasa uliomwagiwa chai, na nani aliyemwaga. Huvaa nikabu. Ni mjane, na kazi ile ndiyo inayomlisha yeye na mama yake mzazi.

Mwanasheria akashauri neno nikabu lisionekane popote kwenye waraka, tusije tukasemwa tunaingilia dini za watu. Nikaliondoa. Mahali pake nikaandika: "kizuizi chochote, laini au kigumu, cheusi au cha rangi nyingine, kinachomzuia mlinzi wa lango kuuona uso wa mtumishi anapoingia kazini." Hayo maneno "au kigumu" niliyaongeza mwenyewe, kwa ajili ya haki. Kazi ya kutazama nyuso tulimpa mlinzi wa lango, kwa kuwa Mkurugenzi alisema mtu wa cheo chake hawezi kukaa akitazama watu.

Kifungu cha nne ndicho fahari yangu: "Siku ambayo uso wa mtumishi haukuonekana langoni, mtumishi huyo hakuwepo. Atakayekosa kuonekana siku thelathini atahesabiwa ameacha kazi." Hata lugha yetu iko upande wangu. Mtu asiyefika harusini, watu husema hakuonyesha uso. Mkurugenzi alikisoma kifungu hicho mara mbili, akanipa mkono. Akaamuru kianze kuhesabiwa tangu siku ile alipokabidhiwa Idara, miaka sita nyuma, ili pasiwe na wa kuponyoka.

Kabla ya utekelezaji nilimwita Bi Masjala ofisini kwangu kwa ajili ya ushauri nasaha. Nilimweleza kwa upole kwamba Idara inamvumilia sana, na kwamba sasa ni zamu yake kuivumilia Idara. Ama aiache ile nguo, ama aiache masjala.

"Katibu," akasema, "kuna faili umewahi kuniomba ukalikosa?"

Nikakiri kwamba hakuna.

"Sasa uso wangu wa nini? Wa kutafutia mafaili?"

Nikamwambia hili ni suala la usalama. Mtu amejifunika gubigubi, tutajuaje kama ni yeye?

"Leo mmejuaje, mpaka mkaniita?"

Nikamkumbusha kwamba mwenye kuuliza maswali ni mimi.

"Haya, baba. Nielekeze basi. Huo uso mnataka uonwe na nani? Na wewe?"

"Si mimi. Na mlinzi wa lango. Imeandikwa."

"Na mlinzi tu?"

"Na mlinzi. Aone, aandike kitabuni."

Akainama. Kisha kile kitambaa kikaanza kutikisika, na mabega nayo. Nilidhani analia. Nikamsogezea karatasi laini za kupangusia machozi, nikaandika kwenye dokezo: "Mhusika ameguswa sana." Akaniaga kwa heshima zote, akarudi kwenye rafu zake.

Hapa sina budi kumwelezea mlinzi wa lango. Ni mama mwenye kifua kipana, watu wote humwita Shangazi, na Jumapili huimba kwaya kanisani kwao. Yeye na Bi Masjala wamekuwa wakivumiliana miaka mingi bila kibali cha kamati yoyote. Kitabu chake kina safu tatu: jina, saa, na uso. Safu ya uso aliiamuru Mkurugenzi mwenyewe alipoingia madarakani, kwa sababu watumishi walikuwa wakiandikiana majina. Alimwambia Shangazi aandike alichokiona kwa macho yake, asiandike alichoambiwa. Na kwa upande wa utii, Shangazi hana mfano. Aliwahi kukosea mara moja tu. Aligonga kioo cha gari la Mkurugenzi akiomba kishushwe aone walio ndani. Nilimwandikia barua ya onyo siku hiyohiyo. Vioo vya gari lile ni vyeusi tititi kwa sababu za kiusalama, na havigongwi.

Siku ya utekelezaji makao makuu walituletea Mkaguzi, kijana mkavu, asiyecheka wala kunywa chai ya watu. Mkurugenzi alimpokea kwa hotuba. Mkaguzi akasema hotuba ataisoma baadaye. Akaomba waraka, na kitabu cha lango. Akatukusanya ukumbini. Shangazi akaja nacho amekikumbatia, Bi Masjala akakaa mstari wa nyuma.

Mkaguzi akafunua kurasa za miaka sita kwa kidole kilicholowa mate. Akamtaja Bi Masjala.

"Kila siku ya kazi, saa moja na dakika kumi, uso umeonekana. Hakuna hata siku moja iliyorukwa. Mlinzi, uliuonaje?"

"Huingia kibandani kwangu," akasema Shangazi, "tunafunga mlango, anafunua, tunasalimiana. Nimwandike sijamwona, kwani mimi mwongo?"

"Na nyie hamkulijua hili?"

Mkurugenzi akanitazama. Nikasema hatukuwa tumeuliza.

Mkaguzi akageuza ukurasa. Akageuza na mwingine, na mwingine.

"Hapa kuna maandishi yanayojirudia. 'Gari la Mkurugenzi limeingia. Uso haukuonekana.' Kesho yake, 'Gari limeingia. Uso haukuonekana.' Miaka sita."

Mkurugenzi akacheka, kicheko cha mtu anayesubiri wenzake wamsaidie. Akasema kila mtu anajua yumo ndani ya gari.

"Waraka hausemi anayejulikana. Unasema anayeonekana," akajibu Mkaguzi. "Kizuizi laini au kigumu. Kioo ni kigumu?"

Ukumbi mzima ukanigeukia mimi, mtunzi. Nikakubali kwamba kioo, kwa kawaida yake, ni kigumu.

"Mlinzi, hukuomba washushe?"

"Niliomba, mwanangu. Nikapewa barua. Ninayo."

Akaitoa. Sahihi ilikuwa yangu. Mkaguzi akauliza huyu aliyesaini huwa anaingiaje kazini. Nikajibu, kwa fahari niliyokuwa bado sijaipunguza, kwamba hupewa lifti na Mkurugenzi kila siku tangu alipofika, kiti cha nyuma, upande wa kushoto.

Hivyo ndivyo ilivyobainika kwamba mimi na Mkurugenzi tuliacha kazi miaka sita iliyopita. Ofisi zetu zikafungwa, na funguo akakabidhiwa Bi Masjala, kwa kuwa Mkaguzi alisema anataka kumwachia mtu ambaye ana uhakika yupo.

Niliambiwa naweza kukata rufaa nikiambatanisha faili langu. Nikaenda masjala. Bi Masjala alikuwa kwenye kaunta yake, kalamu mkononi. Nikamtajia jina langu na cheo.

"Nitajuaje kama ni wewe?" akauliza.

Nikamwomba anitazame. Akaenda kwenye rafu, akarudi na faili kabla sijamaliza kufuta jasho. Akalinganisha picha yangu ya ajira na mashavu niliyo nayo sasa.

"Mimi nakujua, Katibu, hata kwa kikohozi. Ila waraka wako unataka lango. Kapitie kwa Shangazi kwanza, kwa miguu, halafu njoo nikupe."

Nikatoka nje ya uzio, nikaingia upya juani kama mgeni. Shangazi akavaa miwani. Akanitazama paji, akashuka taratibu hadi kidevuni, akapanda tena. Kisha akainamia kitabu, akaandika jina langu na saa. Kwenye safu ya tatu kalamu ikakawia, nami nikarefusha shingo kusoma.

"Uso umeonekana," aliandika. "Haya bado haijaonekana."