Naomba Mgongo Yangu Irudishwe Vile Ilikuwa

Kwa Bwana DC wa Uasin Gishu, hapo Eldoret.

Bwana DC mheshimiwa,

Pokea salamu za mvua, na za matope yake. Mimi ni Nekoye, mjane wa Khisa, wa shamba la yule mzungu tunaita Bwana Magunia, hapa juu ya Soy ukienda Ziwa. Mkono inaandika ni ya mwalimu Joseph Kipkorir wa kanisa, kwa sababu mimi darasa nililiona kwa dirisha tu, lakini maneno ni yangu yote. Nimemwambia asipunguze. Ameshaanza kukunja uso. Andika, mwalimu.

Bwana DC, nalia mbele ya serikali juu ya mgongo. Usicheke kabla hujafika chini.

Hii mgongo yangu ilipinda mwaka wa nzige. Nzige walimaliza kila kitu, ikabaki tu magunia ya Bwana kwa stoo, na nyapara wa siku hizo akanipakia gunia ya mahindi kama mimi ni punda. Kitu ikasema ka! hapa kwa kiuno. Nilianguka nikiwa mrefu, nikaamka nikiwa kama jembe, mpini huku, chuma kule. Tangu siku hiyo nikatembea nikiangalia udongo. Sikulaumu mtu. Udongo wa huku ni mzuri, na nimeokota sindano na vifungo mingi ambayo watu wenye kichwa juu walipita.

Sasa mwaka huu, wakati wa kupanda mahindi, akaja ndugu ya memsaab, bibi ya Bwana Magunia, kutoka Amerika. Huyu si daktari wa sindano, si wa dawa ya chupa. Kazi yake ni kushika mtu mgongo na kuifinya mpaka ilie ko-ko-ko, na ndio maana tunamwita Bwana Kokoko. Aliweka meza ndefu kwa veranda, akasema watu wote wa laini, yaani zile nyumba zetu za wafanyakazi zimepangwa mstari moja, waje bure. Na hapo ndipo taabu yangu ilizaliwa. Naihesabu moja moja.

Ya kwanza. Nilinyooshwa bila kujua. Mimi nilikuwa nimepeleka mayai jikoni. Huyu mzungu akaniona, akashika kifua kama ameona maiti, akatoa ile kamba ya kupima, akanipima kutoka shingo mpaka kiuno, halafu akanionyesha meza nilale. Wewe Bwana DC ungefikiri nini? Mimi nilifikiri ni seremala. Nilifikiri Bwana Magunia ameona nimezeekea kwa shamba yake, ameamua nitengenezewe sanduku mapema. Machozi ikanitoka kwa furaha. Nikapanda, nikafunga macho, nikaweka mikono kifuani ili asikosee kipimo. Akanigeuza tumbo chini. Nikajiuliza, kumbe wazungu wanazikana kifudifudi? Lakini sanduku ni yao, wacha wafuate desturi yao. Halafu akaweka mikono mbili hapa, akapumua, akasukuma. Ko-ko-ko! Nikaita mama yangu, na mama alikufa zamani.

Memsaab akanieleza kwa Kiswahili chake cha jikoni. Ati mgongo si mfupa moja, ni mifupa midogo midogo imepangwa kama magunzi kwa kamba, na hiyo kamba ndiyo inabeba habari kutoka kichwa mpaka vidole vya mguu. Gunzi moja ikikaa upande, kamba inabanwa, habari haifiki. Nikamwambia kweli, hata kwa laini yetu ni hivyo hivyo, mtu moja akikaa upande habari haifiki. Akasema pia nisilale kwa kitanda cha kamba inazama, nilale kwa mbao. Na nikiinua debe ya maji nisiiname, nipige magoti, niamke na nguvu ya mapaja. Nikamwambia memsaab, magoti napigia Mungu, sasa nianze kupigia debe?

Lakini nilirudi, siwezi kuficha. Nilirudi kila Jumamosi, maana kila nikifika alikuwa ananipima tena, na kila akipima nilikuwa nimeongezeka, nikaona ni haki sanduku iongezwe pia. Mahindi ilipofika kwa magoti, mimi nilikuwa naona milango mpaka katikati. Mahindi ilipotoa maua, nikagonga kichwa kwa mlango ya nyumba yangu mwenyewe. Ndiyo nikauliza, na sanduku iko wapi? Memsaab akacheka mpaka akakaa chini. Kwa hivyo, Bwana DC, sanduku sikupata, na mgongo yangu wakachukua.

Ya pili ni kazi. Nilipokuwa nimepinda, nyapara Paul aliniweka kwa stoo, nakaa chini napukuchua mahindi, napiga hadithi na wanawake wenye mimba. Siku ameniona nimesimama, akazunguka mara moja kama mtu ananunua ng'ombe, akasema, "Mama Nekoye! Kumbe umekuwa msichana! Chukua jembe, wenzako wako kwa pareto." Nikamwambia, "Paul, mimi nilikushika wewe ukizaliwa." Akasema, "Basi mama, unajua nina haraka tangu zamani." Sasa nalima palizi na watoto wa juzi. Kama hii ndiyo afya, ugonjwa ulikuwa na ubaya gani? Mwalimu, andika hivyo hivyo, usinyoshe.

Ya tatu. Kuna vitu mtu mzee haifai kuona. Nilikuwa nakaa kwa nyumba yangu kwa amani miaka yote, nikisema maji inaingia ni ya ukungu. Siku ya kwanza kuangalia juu nikaona mbingu. Tundu kwa paa, Bwana DC, kuku anaweza kupita amefungua mabawa. Na kuna Mzee Wepukhulu wa kuchunga ndama, mjane kama mimi. Kwa kanisa alikuwa ananiachia benchi ya mbele kwa huruma. Jumapili ile nimeingia nimesimama wima, huyu mzee akatoa kofia, akasema, "Kumbe ulikuwa mrefu!" Na benchi hakuniacha tena, ameanza kukaa hapo hapo pamoja na mimi. Sijaleta hii kama shtaka. Nimesema tu serikali ijue.

Ya nne, na hii ndiyo imenifanya nitume mtu kuita mwalimu.

Bwana DC, mimi najua watu kwa miguu. Kwa miaka hiyo yote uso ya mtu sikuona, isipokuwa ya watoto wadogo na ya mbuzi. Lakini mguu! Mguu haidanganyi. Nyapara Paul anakanyaga nje kama bata. Mzee Wepukhulu ana kidole kimepanda juu ya mwenzake. Na mkwe yangu Murunga, bwana ya mtoto wangu Nasambu, mguu yake ya kushoto haina ukucha wa kidole kikubwa, ng'ombe alikanyaga.

Pengine wewe kwenu hakuna hii, kwa hivyo nakuelezea. Kwetu Bukusu, mama wa msichana na mkwe hawaangaliani uso. Hawali pamoja, hawashikani mkono, hawasimami mlango moja. Si chuki. Ni heshima, ni nzito kuliko kiapo ya korti. Nyumbani kwetu mkwe anakaa kijiji yake, mama anakaa yake, na kuna kilima katikati. Lakini huku kwa shamba la mzungu laini ilijengwa bila kuuliza mtu, na Murunga amepewa nyumba ya tatu kutoka kwa yangu. Mfereji ya kuchota maji ni moja. Njia ni moja. Watu walisema hatutaweza. Tukaweza! Kwa sababu gani? Kwa sababu ya mgongo. Nilikuwa naona ile kidole bila ukucha ikikuja mbali, natoka njiani polepole, yeye anapita, kila mtu na heshima yake. Nasambu ameolewa nikiwa nimepinda, amezaa watoto nikiwa nimepinda, na mimi uso ya Murunga sijawahi kuona hata siku moja. Hakuna mama mkwe alishika desturi kama mimi kwa Uasin Gishu nzima.

Sasa sikia. Asubuhi moja nimeenda kwa mfereji, kichwa juu kama twiga, nafurahia baridi. Nakuta kijana anajaza debe. Mzuri! Meno nyeupe, paji la uso pana. Sikuangalia miguu. Nani anaangalia miguu na mbingu iko wazi? Nikamwambia, "Kijana, wewe ni wa nani, Mungu amekutengeneza vizuri hivi? Mama yako alikula nini?" Akageuza uso. Nikasema ana haya. Nikaongeza, "Kama sikuwa nimeoza msichana wangu kwa yule Murunga, ningekupa wewe." Mwalimu, usicheke, andika. Nikamwambia tena, "Baba, hebu nisaidie kuweka debe kwa kichwa." Nikamshika mkono, Bwana DC. Nikamshika mkono! Akatoa sauti kama mbuzi, akatupa debe, akaruka ndani ya mahindi. Nikaangalia alama kwa matope. Mguu ya kushoto, kidole kikubwa, hakuna ukucha.

Nilikaa chini hapo kwa matope, na mgongo imenyooka.

Wazee wetu walikuja, wakasema tukichinja kondoo inaweza kuosha hiyo aibu. Ni kweli. Lakini kondoo inaosha siku moja, na maji tunachota kila siku. Tangu hapo Murunga akiniona anaruka kwa mahindi. Ameharibu mistari mingi mpaka Paul anasema ni nguruwe. Nilijaribu kutembea nimeinama kwa kujifanya. Bwana Kokoko akaniona kutoka veranda, akakimbia mbio na kijiko ya chai bado iko kwa mkono, akipiga kelele, "Nyosha, Mama! Nyosha!" Hiyo ndiyo Kiswahili yake yote. Akaninyosha hapo hapo mbele ya watu.

Sasa Murunga amesema amechoka. Amepata kazi kwa shamba ingine Chepsaita, na gari ya ng'ombe inakuja mwisho wa wiki kubeba vitu. Atahama na Nasambu na watoto wote. Nasambu ndiye mtoto Mungu aliniachia peke yake. Alikuja usiku akasema, "Mama, nitafanya nini? Siwezi kukaa bila bwana, na yeye hawezi kukaa na uso yako." Na yule mdogo, Musimbi, bado anakuja anachuchumaa mbele yangu aniangalie kutoka chini, vile alizoea, hajui nyanya yake amehamia juu. Jioni yeye ndiye ananiletea moto kutoka kwa jiko ya mama yake. Nani ataniletea moto?

Kwa hivyo ombi langu kwa serikali ni ndogo. Bwana Kokoko aamriwe kurudisha mgongo yangu vile alikuta. Kama aliweza kuleta huku, aweze kupeleka kule. Akisema haiwezekani, basi serikali ilete mfereji ya pili, moja ya wakwe na moja ya mama wakwe, na polisi katikati. Kama hiyo ni kazi mingi, itolewe karatasi ya kipande ya watu waliopinda, na mtu akiwa nayo asinyooshwe na mzungu yeyote, hata akilala kwa meza yeye mwenyewe. Na iandikwe sheria: daktari wa mgongo kabla hajaweka mkono, aulize kwanza, "Una mkwe? Anakaa wapi?" Kwa sababu yeye alidhani mgongo ni ya mtu moja. Mgongo ni ya laini nzima, Bwana DC. Gunzi moja ukigeuza, zote zinalia.

Nasalimia bibi yako na watoto, askari wa mlango, na yule karani mnene alinipa kiti siku nilirudisha kipande ya marehemu Khisa. Mungu akulinde kichwa mpaka kiuno.

Ni mimi Nekoye, nimeweka kidole gumba hapa. Wino ilimwagika kidogo. Ni mwalimu, si mimi.

N.B. Mwalimu alikuwa ameshafunga barua, nimemwambia afungue. Leo asubuhi gari ya ng'ombe ilikuja. Murunga akainama kuinua sanduku ya nguo ya Nasambu bila kupiga magoti, vile Bwana Kokoko anakataza, na wakati huo huo mimi nikatokea kwa kona. Akataka kuruka akiwa bado ameinama. Kitu ikasema ka! Sasa amepinda kama mundu, anaangalia udongo tu. Gari imerudi Chepsaita tupu. Saa sita tulikutana kwa njia, akaona miguu yangu mbali, akatoka pembeni polepole na heshima kubwa, na mimi nikapita nikiangalia mlima.

Kwa hivyo, Bwana DC, mgongo yangu iacheni hapo ilipo, nimeizoea, na tundu ya paa Mzee Wepukhulu anaziba. Nimemtuma Nasambu na kitambaa ya chumvi moto amkande bwana yake, ya kupunguza uchungu, si ya kunyoosha. Ombi ni moja tu imebaki. Bwana Kokoko amesimama kwa veranda na kamba ya kupima, anauliza yule mtu amepinda ni nani. Tumemwambia alizaliwa hivyo. Akikuja kuuliza kwako, tafadhali, usifichue uongo wetu.