Hatua Sitini za Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Machi

Fundi Cherehani, koma! Kaa na mashati yako, hatua zangu zinakuhusu nini? Leo kwenye mkutano wa kikundi chetu cha kulinda kijito, huyu mshona nguo niliyempa ukatibu kwa huruma yangu kasimama mbele za watu. Eti bustani ya vitunguu ya mwenyekiti iko hatua ngapi kutoka majini? Mwenyekiti ni mimi! Nikamjibu sitini, kama sheria isemavyo. Akauliza nani alipima. Nikamwambia miguu hii. Watu wote wakaitazama. Nikaiingiza chini ya kiti.

Sheria niliitunga mwenyewe: jembe lisiguse udongo ndani ya hatua sitini kutoka kijitoni, na hatua ni za mwenyekiti. Niliishia darasa la tatu lakini kuhesabu najua. Ila hapa niseme kweli, daftari halina mdomo. Kwenye mashamba ya wenzangu nilipiga hatua kama naenda kugombana. Kwangu nilitembea kama bibi harusi.

Afisa wa maji anakuja Jumamosi. Akikuta bustani yangu ndani ya mpaka, kiti anachukua Fundi. Bora nife. Hapana, nisife. Atafurahi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa! Nimechukua miche arobaini ya miti ya kikundi, nimeichomeka katikati ya vitunguu. Nimesimamisha na kibao: KITALU CHA MAFUNZO. Nani atathubutu kung'oa mafunzo?

Alasiri kapita jirani yangu, Mama Pacha. Huyu mwezi uliopita nilimng'olea maharage kwa mikono yangu, yameshaanza kutoa maua, kwa sababu nilihesabu hatua hamsini na nane. Hatua mbili tu! Pacha wake walisimama wananitazama. Leo kanipa shikamoo yake kamili, akasoma kibao taratibu, akauliza kwa upole kama na yeye anaweza kupanda maharage ya mafunzo. Nikamwambia mambo haya yana utaalamu wake. Akasema haya, Bibi. Akaenda zake.

Angenitukana ningekula chakula changu vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua! Mvua gani hii? Imeanza saa nne asubuhi, kufika saa sita tuta langu la chini lote limeteremkia kijitoni. Miche arobaini imelala kifudifudi kama walevi. Kibao sijakiona.

Nikakimbilia kwenye dimbwi la kuchotea. Maji yamekuwa rangi ya matofali. Wanawake wanachuja kwa kanga na kusonya. Na vitunguu, Mungu wangu, vinaelea! Vyekundu, vinene, vinapita mbele yao kimoja kimoja kama wageni wanaoingia ukumbini. Hapa nani mwingine analima vitunguu vyekundu? Nikasema kwa sauti kwamba watu wa huko juu hawana adabu, wanalima hadi mtoni. Mmoja wao, muuza mkaa, akakohoa.

Mama Pacha aliviokota vyote, akaniletea mlangoni ndoo nzima. Kaviosha kabisa! Akasema, Bibi, mali yako hii. Nilipokea bila kumtazama usoni. Mimi! Mimi ambaye huwatazama watu mpaka wanasahau walichotaka kusema.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Afisa kaja na utepe mrefu wa kupimia. Hakuuliza habari za miguu ya mtu. Kapima kwangu kwanza: kutoka majini, mita kumi na tisa. Akauliza sitini za nani zilikomea hapa. Fundi kafungua mdomo, nikamwahi. Nikasema zangu. Nilidhani aibu ndiyo hiyo imekwisha.

Kumbe bado. Afisa akasema basi tupime na shamba lile alilosikia limeng'olewa maharage, tujue hatua moja ya sheria ni mita ngapi. Nikamwambia jua kali, twende tukanywe chai. Akapima. Mita hamsini na moja! Akanitazama juu mpaka chini, mwanamke mwenyewe mfupi hivi, akasema hatua sitini za mama huyu haziwezi kuzidi mita arobaini. Maharage ya Mama Pacha yalikuwa nje ya mpaka. Nje kabisa! Siku ile nilikuwa nachupa kama panzi.

Mmoja wa wale pacha akamwuliza mama yake kwa sauti kubwa, kwa hiyo Bibi alitung'olea bure? Mama Pacha akamziba mdomo. Swali likabaki pale pale, watu wote wamelisikia.

Nilitaka kupiga magoti, goti likakataa. Nikakaa chini matopeni nikaomba radhi nimekaa. Fundi ndiye aliyeninyanyua. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Afisa kanipa wiki mbili niondoe bustani na nirudishe majani ya ukingoni. Kiti tutakiongelea akirudi.

Jumapili, 9 Machi

Nimeng'oa vitunguu vyote. Nusu nimempelekea Mama Pacha, pamoja na mbegu za maharage. Kapokea kwa mikono miwili, nikaona haya upya. Nimeapa: sipimi tena kwa miguu, mimi na ujanja basi.

Kikundi kimeamua sasa tutumie kamba ya katani, mita arobaini, fundo kila mita. Nani aitunze? Wakasema Bibi, kwa kuwa ameshajifunza. Nililia kidogo.

Nimeitazama sana hiyo kamba. Ya katani ikilowa hujikunyata. Na lile tuta langu jingine, la bilinganya, limepungukiwa mita mbili tu kufika arobaini.

Mkamwana, najua unasoma daftari hili kila nikitoka. Funga mdomo, jaza beseni maji, tumbukiza kamba, na uweke jiwe juu isielee.