Mashine ya Ngoma Kwenye Ndoa ya Oliva

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Hili sijamwambia mtu yeyote: sijui kupiga kinanda. Kwaya nzima inaamini najua. Kajetani, mpiga kinanda wetu, alipokwenda chuoni, Mwalimu Pankrasi aliuliza nani anasoma nota. Nikanyoosha mkono. Kusoma nasoma. Vitabu vya nota vya parokia nimevimaliza vyote. Mkono ndio haujui.

Sasa nimepewa misa ya ndoa ya Oliva, Jumamosi. Mdogo wake, Ida, hupiga kwa kusikia tu, tena vizuri. Aliomba misa hiyo moja, ya dada yake. Mwalimu akamwambia asubiri, Isidori ni msomi. Nikatazama viatu vyangu.

Jumanne, 5 Agosti

Nina mpango! Mjomba Amedeus ametuachia mashine yake ya ngoma, yenye vibao kumi na sita vya mpira. Kijitabu chake cha maelekezo nimekisoma chote. Kumbe ukiiunganisha na kinanda kwa waya wa MIDI, unagonga kibao, kinanda ndicho kinalia. Waya haubebi sauti, unabeba amri. Nitapanga nyimbo kwenye vibao, nigonge kwa zamu hadi Amina.

Jaribio la kwanza: kinanda kimetoa tumba na kayamba. Mashine ilikuwa kwenye chaneli ya kumi, ya ngoma. Nimebadilisha. Kimelia kama malaika!

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi. Wimbo wa kuingilia bila kosa hata moja. Mama Benigna wa sauti ya pili amepiga kigelegele. Ida amekuja kuangalia vibao, akaniuliza kama nampigia dada yake misa au namtumia hela kwa simu. Sauti ya kwanza yote imecheka. Kisha, polepole, akauliza: kaka Isidori, padri akirefusha itakuwaje? Nikajibu kwamba kijitabu hakisemi.

Nilipaswa kumpisha pale pale. Sikumpisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Najuta.

Kuingia, salama. Ikafika ahadi. Kanisa kimya. Bwana harusi anasema nakupokea wewe, Oliva. Nikainama kufuta miwani. Kiwiko kikagusa kitufe cha kuanza. Mashine ikaamuru, kinanda kikatii! Mdundo wa matoleo uliomo ndani ya kinanda chenyewe, sauti juu kabisa.

Kwetu akina mama wa matoleo hawasubiri padri, wanasubiri ngoma. Wakaingia wakicheza, ungo wa maharage mbele, jogoo nyuma. Vigelegele! Padri akainua mkono kuwazuia, wakadhani anabariki. Nikachomoa waya. Kosa! Kinanda kikaendelea, maana sasa hakuna wa kukiamuru kiache. Jogoo alimfikia bibi harusi kabla ya pete. Oliva akalia, na si kwa furaha.

Ida akatoka kwenye mstari wake, akabonyeza kitufe kimoja cha kinanda. Kimya. Akaniambia nisogee. Padri akawarudisha mwanzo. Mara ya pili Oliva alisema ahadi zake haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa tena. Misa iliyobaki Ida aliipiga kwa vidole vyake. Mimi nilimshikia kitabu ambacho hakukihitaji.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda kwao Oliva na Ida kuomba msamaha. Nimemwamkia mama yao shikamoo, ameitikia, akaniwekea kiti mbali na redio. Oliva ameshapelekwa kwa mumewe, huko Madaba. Nimemweleza Ida yote, hata habari ya mkono. Akasema misa nyingine zote angeniachia, ile moja tu ndiyo aliyoitaka. Wakati naaga akasema niende kanisani Jumamosi anifundishe. Nilete vidole tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda. Vidole nimepeleka vyote kumi. Ida amenionyesha mkono wa kulia, taratibu, bila kunicheka. Kisha akatoka kwenda kumsalimia padri. Nikaitoa mashine kwenye begi, chini ya kitabu cha Fizikia, nikachomeka waya.