Kikopo cha Mathias

Jumatatu, 3 Machi
Bwana afya kapita kwenye mabanda ya chakula hapa Cheyo. Kila mama lishe apime choo wiki hii. Asiye na cheti hapiki. Yustina wa banda la jirani keshapeleka chake, anatembea kifua mbele. Mimi tumbo linaniendesha tangu Jumamosi. Nikipima, nimefungiwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata njia. Mume wangu Mathias, fundi seremala, hajawahi kulazwa hata siku moja. Siku hizi anaacha ugali na jioni anajifunika blanketi, lakini hayo ni maringo, anataka wali. Nimemwambia wanaume wanapimwa bure. Kajaza kikopo bila swali. Nimekipeleka maabara kwa jina langu, Apolinaria. Akili ninayo.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Maabara wameotesha "choo changu" na kukuta bakteria wa homa ya matumbo. Daktari akauliza kama napata homa za jioni, kichwa kuuma, chakula kutopanda. Nikasema hapana. Kisha nikakumbuka lile blanketi.

Nimepewa vidonge vya siku saba. Banda limefungwa. Wateja wangu wote wako kwa Yustina.

Nyumbani nikamweleza Mathias kila kitu. Akafunua blanketi usoni.

"Kwa hiyo, Mama Sayi, choo changu kimetangulia hospitali, mimi nimebaki?"

Nikasema ndiyo, na dawa kimerudi nazo. Akameza. Nikaenda jikoni kulia kidogo.

Jumanne, 11 Machi
Homa imeshuka. Kaomba ugali mwenyewe. Sasa anataka kuacha dawa, eti kapona. Daktari alionya kwamba ukikatisha, bakteria wanarudi wakali zaidi. Nasimama mlangoni asubuhi na jioni mpaka ameze.

Alhamisi, 20 Machi
Siku ya kupima tena. Tumbo langu limetulia lenyewe, ningeweza kupeleka changu. Lakini kwa nini nibahatishe? Nimempa Mathias kikopo.

Jumatatu, 24 Machi
Safi! Hakuna bakteria. Cheti kiko ukutani, jina langu kwa herufi kubwa. Saa nne matobolwa yangu, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, yalikuwa yameisha. Mathias kala sahani mbili. Daktari alinisifu mbele ya watu kwa kumaliza dozi, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Yustina kaniuliza siri yangu. Nikamwambia usafi.

Baada ya miezi sita tunapimwa tena. Nimemwambia Mathias anywe maji ya kuchemsha, anawe mikono, asile ovyo mitaani. Lile tumbo si lake peke yake. Ni la biashara.