Babu Kijiko na Pweza wa Bi Mwanamisi

Wenzangu, leo nimeadhirika, tena mchana kweupe, Msambweni.

Naandika hapa kundini kwetu tu, siri hii msiitoe nje. Ile blogu ya Babu Kijiko mnayoisoma, inayosifu na kukosoa vyakula vya vibandani kuanzia Ukunda hadi Lungalunga, ni yangu. Ndiyo, mimi, mama wa watoto wawili. Nilijipa jina la kizee kwa sababu sikutaka wakwe waulize mke wa mtu anatafuta nini vibandani. (Mume wangu anajua. Ndiye anayemaliza mabaki.)

Juzi meneja wa hoteli moja ya Diani, Bi Njeri, akaniandikia kupitia blogu. Wanatafuta mtu wa kuwaandikia habari za vyakula vya pwani, kazi ya kudumu, na mimi kazi kama hiyo nimeiomba kwa Mungu miaka. Ila alitaka kwanza aone kwa macho yake kama maneno ya Babu Kijiko yana nguvu kweli. Nikamwambia twende kwa Bi Mwanamisi. Mama huyu alikuwa na benchi moja na sufuria moja. Nilipomsifia pweza wake wa nazi, watu wakaanza kuja na magari kutoka Mombasa.

Asubuhi nikavaa buibui jipya, nikajifukiza udi. Kabla ya kutoka nikampikia baba mkwe uji, maana tunaishi naye Ukunda na wiki ya tatu sasa hali chakula cha jioni. Kila siku huenda Msambweni kumjulia hali dada yake, akirudi anasema tumbo halipokei kitu. Nimemwombea dua mpaka nimechoka. Mume wangu alikuwa anapanga kumpeleka kwa daktari.

Tukafika kibandani. Mabenchi sita! Foleni imetoka nje, na ukutani ubao mkubwa: CHAKULA KILICHOSIFIWA NA BABU KIJIKO. Bi Njeri akapiga picha, akasema hiyo ndiyo "influence" anayoitafuta. Mimi kichwa kimevimba. Nikamwita Bi Mwanamisi pembeni, nikamwambia kwa unyenyekevu (wa uongo) kwamba Babu Kijiko ni mimi.

Hakushtuka. Akanitazama toka utosini hadi kwenye kandambili.

"Mwanangu, wewe ni wa nne mwezi huu. Pweza wa bure hapa hapatikani. Babu Kijiko mwenyewe yumo ndani, anakula."

Bi Njeri, aliyekuwa amesikia yote, akanigeukia. Nikacheka kidogo, kwa sababu ushahidi ninao kwenye simu, naweza kuifungua blogu na kuandika neno mbele yao. Lakini kwanza nilitaka nimwone huyo mwizi. Nikaingia kwa hasira zangu zote, Bi Njeri nyuma yangu.

Alikuwa amekaa chini ya feni, kwenye kiti chenye mto, kofia nyeupe, mgongo kwangu. Sahani yake imejaa. Nikagonga meza.

"Mzee mzima, huoni haya kula kwa jina la mtu?"

Akageuka. Kidevuni ana mchuzi wa nazi. Baba mkwe wangu.

Nikapiga goti kwa mazoea. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akajifuta taratibu. "Umekuja kula?"

Simu ninayo mkononi, blogu imeshafunguka, ni kubonyeza tu. Nikamtazama mzee aliyenipokea kwake kama binti yake, naye ananitazama kama mtoto aliyekutwa na kidole kwenye sukari. Nikaona uchungu, wallahi. Nikairudisha simu mkobani, nikamwambia Bi Njeri nilikuwa natania: Babu ni huyu, mimi humjibia ujumbe tu.

Baba akaninong'oneza: "Siku ya kwanza huyu mama aliniuliza kama mimi ndiye Babu Kijiko. Sikukubali, wala sikukataa. Pweza alikuwa ameshafika mezani."

Bi Njeri akavuta kiti, akampa baba ile kazi pale pale. (Mimi nimesimama nimekumbatia mkoba.) Baba akasikiliza hadi mwisho, akachokoa meno, akasema macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kuandika hawezi.

"Lakini huyu mkaza mwanangu mwandiko wake si mbaya. Mimi nitakula, yeye ataandika."

Wakapeana mikono. Kwa hiyo kazi nimepata, alhamdulillahi: mimi ni karani wa Babu Kijiko, tunaanza Jumatatu. Bi Mwanamisi amenishauri nimsikilize mzee kwa makini, kwani kipaji hakilazimishwi.

Jioni nimemtengea baba uji wake kama kawaida. Ameutazama, akasema tumbo bado halipokei.

Atakayecheka, Babu Kijiko atamfikia jikoni kwake. Yupo hapa sebuleni, na mdomo wake umeshazoea vya bure.