Spika ya Kushoto

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimepata daftari la zamani la mwanangu Nelvine, kurasa nyingi bado safi. Nitaandika siri zangu humu. Baba Nelvine hasomi kitu kisicho na mhuri.

Siri ya kwanza: kuna spika chini ya kitanda. Kubwa, ya mbao, kitambaa cha mbele rangi ya asali. Ni ile ya kulia. Ya kushoto iko Sotik kwa Wacera, mwenye duka la vitu vikuukuu. Mwalimu mstaafu alimuuzia kila mmoja wetu moja. Kutenganisha pacha! Mimi ni mama, usingizi nitaupata wapi?

Vyombo vingine viko stoo: mashine ya santuri ya miguu minne, amplifaya ya taa za glasi, santuri kumi na nne za kwaya. Ukiwasha, zile taa zinashika moto polepole kama jiko la makaa, halafu sauti inatoka nzito kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana. Nelvine anasema kaspika kake ka simu kanatosha. Kale? Mbu kwa chupa!

Baba Nelvine ameapa: redio nyingine ikiingia hapa, zote zinaenda kwa Wacera. Jumamosi anagombea uenyekiti wa kituo cha majani chai, yeye na Kipyegon. Hataki watu waseme bibi yake anaokota vyuma.

Jumanne, 7 Oktoba
Kwa Wacera. Nikamwambia spika yangu inakohoa, ni bora aniuzie yake. Akasema hata yake inakohoa, ni bora nimuuzie yangu. Tukanywa chai, waongo wawili.

Mwishowe alikubali jogoo wangu mwekundu na vibuyu viwili vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, eti wageni wake wa Nyeri waonje. Nikamuonya, kwa upendo, kwamba si kila tumbo linaiweza. Akasema hiyo ni shida ya wageni.

Yule jogoo nilikuwa nimemwahidi mchungaji. Mungu anajua kuna majogoo wengine.

Alhamisi, 9 Oktoba
Oi! Hii siku!

Bodaboda alishusha spika kule chini ya shamba. Baba Nelvine alikuwa nyumbani anatengeneza ua. Nikaiweka ndani ya gunia la majani, nikachuma majani kama mashine, nikaifunika mpaka juu. Mpango: jioni akienda kuomba kura, mimi naibeba nyumbani. Nani huchungulia gunia la majani huku kwetu? Nikaenda kunywesha ndama. Dakika kumi tu!

Kurudi, gunia hakuna. Jirani yangu Jerusa akaniambia mzee wangu amelipeleka kituoni mwenyewe, mgongoni, akisimulia kila mtu njiani jinsi bibi yake amechuma yote kabla ya saa sita.

Nilikimbia. Gamboti moja ilibaki kwa matope. Nikamkuta Beverly, karani wa kituo, akisoma mizani: kilo thelathini na tisa! Baba Nelvine akageukia watu na kutabasamu kama bwana harusi. Beverly akamwaga majani mezani ayakague.

BUU! Hata bila stima, spika ililia.

Kila mtu anajua wale wanaoweka mawe wadanganye mizani. Kipyegon akavua kofia. Akasema tumshukuru mgombea, wengine huleta kokoto, yeye ameletea kiwanda redio nzima.

Nilikimbilia spika kwanza. Nikapapasa karatasi yake ya ndani. Haijapasuka! Ndipo nikamtazama Baba Nelvine. Huo mpangilio ulikuwa mbaya, najua.

Alikuwa anaangalia mikono yake. Miaka ishirini hajawahi kurudishiwa hata jani moja bovu, na sasa wanamwita mwizi. Nikapanda juu ya benchi na gamboti moja, nikasema kwa sauti: nilikuwa namficha yeye, si kiwanda. Spika ni yangu. Alibeba tu gunia anisaidie.

Halafu Jerusa akasema, kutoka nyuma, kwamba yeye ameingiza nyumbani sufuria tatu na thamosi mbili kwa njia hiyohiyo, na mzee wake hudhani zilitoka kwa wakwe zake. Akina mama walicheka mpaka wakashikana.

Ijumaa, 10 Oktoba
Baba Nelvine haniongeleshi. Anamtuma Nelvine kuniomba chumvi, na mimi niko hapo mezani.

Nimesimamisha spika zote mbili stoo, bega kwa bega. Kuangalia tu. Nikalia kidogo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Uchaguzi wa kupanga foleni. Ya Kipyegon ilikuwa ndefu mpaka barabarani. Nikaomba kimoyomoyo. Halafu akina mama wakatoka mashamba ya chai, wamefunga aproni, wakajipanga wote nyuma ya Baba Nelvine. Hata bibi ya Kipyegon! Jerusa alisema mwanamume wa kubebea bibi yake gunia mbele ya watu, tutampata wapi mwingine?

Ameshinda.

Jioni akasema, bila kuniangalia, niweke santuri moja. Moja! Sauti za akina mama zikatoka kushoto, za wanaume kulia, na mwenyekiti akainuka kuchungulia nyuma ya spika ni nani yuko hapo. Tulimaliza santuri sita.

Kisha akaleta Biblia. Nikaapa kwa roho yangu yote: redio haitapita tena ndani ya gunia la majani.

Jumapili, 12 Oktoba
Mchungaji ameuliza habari ya jogoo. Nikasema tuombe.

Baada ya ibada Beverly akaninong'oneza: kuna lekchara wa chuo cha Kabianga anahama, ana deki ya kaseti ya milango miwili, yenye mishale inayocheza ikisikia sauti.

Nimewaza kwa maombi. Mzee alipata kura kwa sababu gani? Spika. Na niliapa kwa gunia gani? La majani. Wiki ijayo tunavuna mahindi, na gunia la mahindi ni pana zaidi.

Nitamuomba Baba Nelvine anibebee. Atakataa aje, mwenyekiti mzima?