Mazishi ya Ukurasa Wangu

Jumanne, 3 Novemba
Msiba! Tripathi, msomi mwenzangu na mpinzani wangu, kaandika gazetini kwamba mstari mtamu kuliko yote katika kitabu changu cha nyimbo za mtakatifu Phulandas haumo katika mswada wowote. Eti nimeutunga mwenyewe. Ni kweli nimeutunga, lakini yeye kajuaje? Katika miswada yote mtakatifu anamwambia Mungu: usipokuja leo nakufungia mlango, ukalale nje. Anamwambia Mungu! Nikasahihisha. Kwangu anasema: nakufagilia njia kwa nywele zangu. Hiyo ndiyo heshima.

Jumamosi ni ukumbusho wa mtakatifu, na wakuu wa hekalu la Bansipur watachagua kitabu kitakachotumika kuimba humo daima, changu au cha Tripathi. Nimewajulisha kwamba mstari wangu umo katika mswada wao wenyewe, wa kale kuliko yote. Sijawahi kuuona.

Jumatano, 4 Novemba
Basi lazima uwemo. Nimetengeneza ukurasa: karatasi kuukuu ya marehemu babu, wino wa masizi, kisha nikaichovya kwenye chai ili izeeke. Mke wangu Sulochana akasema, Baba Kishori, chai hiyo ina maziwa, itanuka. Nikamwambia asiingilie mambo ya miswada.

Inanuka. Paka kailamba pembeni.

Alhamisi, 5 Novemba
Nimefika Bansipur mchana. Kuhani Gokulnath kaweka kidole mdomoni. Kitabu, yaani ule mswada wao wa kale, kimelala. Kimelala! Kimeshakula wali wa maziwa, kimepepewa, hakiamshwi hadi jioni. Akanishangaa: msomi mzima, hujui? Hata wewe ukishiba si unalala?

Kweli, kipo kitandani, kitanda chenyewe kama cha mtoto, na chandarua juu. Nikakaa kama mtu wa sala. Kuhani naye akaanza kukoroma. Nikatambaa, nikainua chandarua, nikachomeka ukurasa wangu katikati. Kitabu hakikuamka.

Jumamosi, 7 Novemba
Kuhani kakiamsha kitabu kwa kengele, kakiinua mbele ya wakuu, na ukurasa wangu ukadondoka. Nikafurahi! Nikapaza sauti: usomeni! Hakuna aliyenisikia. Watu walipiga mayowe, wanawake wakajifunika nyuso. Kumbe hapa ukurasa ukiachia mshono, umekufa. Na maiti hailazwi hekaluni.

Wakaulaza juu ya mchele na maua, wakaufunika kitambaa cheupe, wakaubeba kwa ngoma hadi mto Yamuna. Nimetembea peku nyuma ya jeneza la chai yangu. Tripathi kalia kwa sauti kunishinda, mnafiki yule!

Ukingoni, kuhani husoma ukurasa mara moja ili watu wauage. Akafika kwenye mstari wangu. Mama mmoja muuza maua akaropoka: huyo nani tena? Phulandas wetu afagie kwa nywele? Thubutu! Akaanza kuimba, na ukingo mzima ukamfuata: usipokuja leo nakufungia mlango, ukalale nje. Wazee, watoto, wapiga ngoma, wote wanaujua. Wanaimba huku wanacheka, huku wanalia. Nami machozi yakanitoka, sijui kwa nini. Labda ni moshi wa ubani.

Ukurasa ukazama. Wakuu wakakichagua kitabu cha Tripathi, wakamvisha shada la maua pale pale, mbele ya macho yangu. Sijala hadi sasa.

Jumapili, 8 Novemba
Nimeamka na jibu. Kosa langu nimeliona, tena ni moja tu: sikushona! Nimenunua sindano nene na uzi mwekundu kama wa kitabu chao.

Sulochana kaniuliza, Baba Kishori, kwani jana hukusikia watu walivyoimba? Nimesikia vizuri sana. Kijiji kizima kina makosa. Nikishamaliza kuushona ukurasa mpya kitabuni mwao, nitawasahihisha na wao, nyumba kwa nyumba, nikianza na yule muuza maua.